Siku 17 za kufunga kamera nne: uzoefu wangu Bukavu

Nauza simenti na mabati Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtelemkoni, mahali ambapo mvua ikinyesha nusu saa njia inageuka mto wa tope. Depo ina ukuta wa matofali, geti la chuma na sentineli (mlinzi) mmoja mzee. Usiku wa mvua mzee wa watu hasikii kitu, na simlaumu: mvua ikipiga juu ya mabati, mtu anaweza kukata kufuli hatua tano kutoka kwako usijue. Wezi wanalifahamu hilo kuliko sisi. Ndiyo maana nilitaka kamera.

Fundi wa kwanza simtaji. Alikuja Oktoba 2022, akafunga kamera nne kwa siku moja, mbili za mwisho mvua ikinyesha, kijana wake amemshikia bashi (turubai) juu ya kichwa. Nikaona huyu ndiye mchapakazi, nikamwongezea hela ya soda. Wiki ya tatu kamera mbili zikaanza kuonyesha ukungu kila alfajiri, kama kioo cha gari lililolala nje. Mwezi uliofuata radi ilipiga huko juu kilimani, wala si kwetu, na mashine ya kurekodi ikazimika moja kwa moja. Nilipompigia simu akaniambia hayo ni mapenzi ya Mungu.

Wa pili nililetewa na shemeji yangu, Machi 2023, mvua zikiwa zimepamba moto. Kijana mpole, kila neno "Mama, Mama", na alinichosha kuliko yule wa kwanza. Anafika saa moja asubuhi, anafanya kazi hadi saa sita, akiona mawingu yanajikusanya upande wa mlima Kahuzi anafungasha vyombo vyake. Ngurumo ikisikika, hata iwe mbali kiasi gani, anashuka ngazini na hapandi tena mpaka nusu saa ipite bila ngurumo nyingine. Ikirudi dakika ya 25, anaanza kuhesabu upya. Mara sita hakuja kabisa. Siku ya tisa nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza: "Mama, simenti yako kwa nini unaipanga juu ya mbao, tena mbali na ukuta?"

Nikamjibu kwamba hata mtoto wa depo anajua: unyevu ukiingia mfukoni huoni kitu kwa nje, ila siku mteja anafungua anakuta jiwe.

Akateremsha kamera moja ya zamani, akaiweka mezani. Kwenye boksi lake imeandikwa IP66: 6 ya kwanza ina maana vumbi haliingii, ya pili inastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu. Kamera yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mkia, pale plagi inapokutana na waya: viguso vyote vya shaba vimeota kutu ya kijani. Silikoni ya kuziba tundu la ukutani niliibandua kwa ukucha mmoja, kwa sababu ilipakwa juu ya tofali lililolowa na haikushika kamwe. Na ule ukungu? Fundi alifungua kioo kunyoosha lenzi huku mvua inanyesha, akafungia hewa yenye maji ndani. Kukipoa usiku, ile hewa inatoa jasho kwenye kioo. Hapo nikanyamaza, nikaenda kumtafutia chai.

Kazi yake niliifuatilia kwa macho baada ya hapo. Kila waya unapoingia ukutani, ameuachia tumbo kidogo chini ya tundu, ili maji yanayoteremka na waya yadondokee pale badala ya kuingia ndani. Viungio vyote viko ndani ya visanduku vya plastiki, mdomo ukitazama chini. Nguzo ya geti aliichimbia msingi wa karibu mita moja, na simenti (yangu mwenyewe, sikumpunguzia bei) akaimwaga asubuhi kavu na kuifunika kwa bashi siku tatu. Kwenye mtelemko wetu udongo hutembea, na nguzo ikiinama hata kidogo, kamera itaanza kupiga picha za mawingu.

Halafu habari ya radi. Mwanangu anasoma jiografia, akanionyesha utafiti wa setilaiti wa mwaka 2016: Kabare, hawa majirani zetu, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Basi anayepanda ngazi ya chuma Bukavu huku kunanguruma si mchapakazi. Fundi alinifungia kifaa cha kupokea mshtuko wa radi, parafudre, kwenye umeme na kwenye nyaya zinazotoka nje, vyote vikishuka kwenye fimbo ya shaba ardhini. Nyaya ndefu zilizo nje huvuta mshtuko hata radi ikianguka mbali, na ndivyo mashine yangu ya kwanza ilivyokufa.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba Julai alirudi bila kuitwa. Alisema Machi udongo ulikuwa umelowa na kipimo cha ardhi, yaani jinsi udongo unavyopokea umeme kutoka kwenye fimbo, lazima kiwe kizuri. Kipimo cha kweli ni cha kiangazi, udongo ukishakauka. Kweli, akakuta hakitoshi, akaongeza fimbo ya pili. Nikalipa dola 15 za fimbo tu.

Sasa malalamiko, maana nayo yapo. Hakunieleza mwanzoni kwamba Machi ni hivi. Angeniambia "Mama, itachukua wiki mbili au tatu", ningemtuma shemeji alale deponi badala ya kukesha mimi. Simu yake hufungwa siku akiahirisha. Pia usiku wa mvua kubwa picha bado si nzuri: zile taa za kamera zisizoonekana kwa macho zinamulika matone, unaona mistari myeupe tu, na hilo nimeambiwa halina dawa ila kuongeza taa ya kawaida pembeni. Buibui nao wanapenda zile taa kwa sababu ya wadudu. Kila Jumamosi sentineli anapita na ufagio mrefu.

Nililipa dola 610, kamera, mashine, betri na ufundi pamoja. Wa kwanza alichukua 380. Mvua za Septemba 2023 hadi Mei 2024 zimepita zote, kamera nne zinaona. Nampa nne kati ya tano. Ya tano ataipata akijifunza kupokea simu.