Karatasi za kuchorea Arusha na Moshi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mtu anayeishi kwa kuchora hununua karatasi kuliko kitu kingine chochote. Penseli hukaa wiki kadhaa, boksi la rangi za maji hukaa miezi, lakini karatasi huisha kila siku kama unachora kweli. Hata hivyo vijana wanaoniuliza kuhusu vifaa huanza na kalamu: unatumia peni gani, inauzwa wapi, imetoka nchi gani. Jibu langu kuhusu peni ni fupi. Peni yoyote nyeusi ambayo wino wake ukishakauka hauyeyuki kwa maji inatosha. Kwa michoro ya haraka hata biro ya kawaida inafanya kazi nzuri, ila mchoro wa biro usiubandike ukutani, maana jua huufifisha. Pesa inapotea kwenye karatasi, na kazi inaharibikia hapohapo.

Ninayemwandikia ni mchoraji wa kujitegemea. Ana oda mezani, pengine kitabu cha watoto, menyu ya mgahawa au kipeperushi cha kampuni ya utalii, na katikati ya oda anachora anachokiona: Meru ikijitokeza mawinguni, fundi baiskeli wa Ngarenaro, foleni ya magari Sanawari. Kisha anapiga picha na kuiweka mtandaoni. Michoro hiyo ya kila siku ndiyo inayoleta wateja, kwa sababu mteja humtafuta mchoraji ambaye mkono wake ameshauzoea. Kwa hiyo karatasi nzuri kwangu ni ile usiyoogopa kuijaza, inayotoka vizuri kwenye picha ya simu, na inayovumilia kubanwa kwenye kifodi (daladala ndogo), vumbi la Moshi wakati wa kiangazi na unyevu wa masika.

Bei sizitaji kwa shilingi, maana hupanda na kushuka na hutofautiana hata kati ya maduka mawili yaliyopakana. Chukua bei uliyoambiwa, igawanye kwa idadi ya kurasa utakazochora, upate bei ya ukurasa mmoja. Ukifanya hesabu hiyo dukani, mpangilio wa ghali na rahisi hubadilika kabisa.

Gramu, mizani na tone la maji

Kwenye pakiti ya karatasi kuna namba: gramu 70, 80, 100, 120. Huo ni uzito wa karatasi hiyo ikiwa na ukubwa wa mita moja ya mraba. Karatasi 16 za A4 ndizo zinazojaza mita hiyo, kwa hiyo A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 inapaswa kukaribia kilo 2.5. Ya gramu 70 inakaribia kilo 2.2. Nayasema haya kwa sababu gramu 70 na gramu 80 zikiwa zimefungwa rafu moja hazitofautiani kwa macho, na tofauti yake utaiona ukishaanza kuchora, pale mistari ya upande wa nyuma inapojitokeza mbele. Karibu kila mtaa wenye duka la stesheneri una mtu mwenye mizani. Omba kupimiwa.

Kama kuna karatasi iliyo wazi, omba moja, ilipie, ifanyie majaribio palepale. Weka ncha ya peni pasipo kuisogeza ukihesabu hadi tano: wino ukitambaa na kuota mizizi, karatasi hiyo inafyonza mno, na mistari yako myembamba itanenepa. Futa kwa raba mahali pamoja mara kadhaa: ikitoa manyoya, haitavumilia penseli. Mwisho, dondosha tone la maji. Kujikunja kidogo ni kawaida, lakini ikivimba na kubaki na bonde, usiguse rangi za maji juu yake.

Nafasi ya kwanza: rimu ya gramu 100 au 120, ikatwe na kubaindiwa

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua hiki. Rimu ya A4 ya gramu 100 au 120, ipeleke kwenye duka lenye mashine ya kukatia, waikate katikati upate A5, kisha wakubaindie kwa spairo. Rimu ikiwa ya karatasi 500, zinakuwa 1,000, na kila moja ina pande mbili. Gawanya kwa karatasi 80 au 90 kwa kila daftari, una madaftari ya kukutosha muda mrefu, na ukipiga hesabu ya ukurasa mmoja hakuna daftari la kununua litakalokaribia bei hiyo. Gramu 120 ikikosekana, chukua 100. Gramu 80 ni ya mazoezi tu, na uchore upande mmoja.

Maelekezo kwa fundi wa kubaindi ni muhimu, usimwachie aamue. Mwambie unataka spairo ile ya kuzunguka, si ile ya meno ya plastiki, kwa sababu spairo inaruhusu daftari kukunjwa nyuma kabisa na kushikwa kwa mkono mmoja ukiwa umesimama. Mwambie aweke jalada gumu mara mbili upande wa nyuma. Na mwambie abaindi upande mfupi. Nyuzi za karatasi nyingi za A4 zimelala kufuata urefu wake. Ukishaikata katikati, nyuzi hizo zinakuwa zimelala kufuata upande mfupi wa A5. Ukibaindi upande huo, kurasa zinageuka kwa ulaini na zinatulia. Ukibaindi upande mrefu, zinakuwa ngumu na zinainuka zenyewe, na ukurasa ulioinuka unaleta kivuli kwenye picha.

Nafasi hii ya kwanza haikutokana na bei peke yake. Unapochora watu, watu wanataka mchoro wao. Ukikaa Soko la Kilombero, Arusha, ukimchora mama anayepanga nyanya kwenye sado, yule anayeziweka kubwa juu na kuzifuta moja moja kwa kipande cha kanga, haitapita muda atakuita.

"Wewe mwanangu, unaandika nini hapo?"

"Shikamoo mama. Nakuchora wewe na nyanya zako."

"Marahaba. Hebu nione. Huyu ndiye mimi? Basi niachie, nikawaonyeshe nyumbani."

Kwenye spairo unapiga picha ya mchoro, unachana ukurasa, unampa kwa mikono miwili, na daftari linabaki zima. Kwenye daftari lililoshonwa kwa uzi, ukichana ukurasa mmoja, mwenzake wa upande wa pili wa mshono nao unalegea, kwa sababu hizo ni karatasi moja iliyokunjwa. Mchoraji mwenye daftari la namna hiyo huanza kuwakatalia watu, na akishaanza kukataa, sokoni hapatakuwa na anayefurahi kumwona na kalamu.

Nafasi ya pili: daftari la jalada gumu lililoshonwa

Hili ni la kununua ukishapata mteja wa kudumu, au ukitaka kumbukumbu ya mwaka mzima mahali pamoja. Kazi yangu ya kufikiri kuhusu oda naifanyia humu: wahusika wa kitabu, mpangilio wa kurasa, majaribio ya nembo. Mteja akija na kuyaona mawazo yote kwa mfuatano, mazungumzo ya malipo yanakuwa mepesi zaidi, maana anaona kazi ilivyofanyika kabla ya mchoro wa mwisho.

Unapochagua, lifungue katikati kabisa ulaze mezani. Tafuta uzi kwenye mkunjo. Kama huuoni popote na kurasa zimeshikwa na gundi peke yake, lirudishe, kwani gundi ikikauka hupasuka na kurasa hutoka kwa makundi. Angalia pia rangi ya karatasi. Mengi ya madaftari haya yana karatasi ya rangi ya maziwa, ambayo inapendeza machoni lakini kwenye simu inatoka ya njano, na utalazimika kurekebisha kila picha. Chukua nyeupe kama ipo. Ukubwa wa A5 unatosha. A4 ya jalada gumu ni nzito kuzunguka nayo kutwa.

Nafasi ya tatu: kaki

Karatasi ya kaki, ileile ya kufunikia madaftari ya shule, inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Viwanda vya Mufindi vinatengeneza karatasi za jamii hii hapahapa nchini, na kila duka la stesheneri linayo. Utamu wake ni kwamba rangi yake tayari iko katikati, si nyeupe wala nyeusi. Kwenye karatasi nyeupe unachora kivuli, na mwanga unauacha. Kwenye kaki unachora vyote viwili: peni nyeusi kwa kivuli, penseli nyeupe kwa mwanga, na kaki yenyewe inabeba kila kilicho katikati.

Ijaribu kwenye migomba. Panda Marangu au Machame saa za mchana, keti kwenye kihamba (shamba la migomba la nyumbani) chochote utakachokaribishwa. Jua linapenya kwa vipande: hapa jani limepasuka na kuwa jeupe kabisa, pale shina limezama gizani, na katikati yake kila kitu ni kahawia na kijani kisichotulia. Kwenye karatasi nyeupe utachoka kwa kujaza giza. Kwenye kaki mistari michache ya penseli nyeupe kwenye kingo za majani inawasha mgomba mzima. Chaki ya shule usitumie, inapukutika kabla hujafika nyumbani.

Nunua iliyoviringishwa, siyo iliyokunjwa, maana mkunjo hautoki. Piga picha mchoro mapema, kwa kuwa kaki haikupaushwa na rangi yake hubadilika ikiachwa juani. Nimeiweka ya tatu kwa sababu hiyo, na kwa sababu inahitaji kukatwa na kubanwa kwenye ubao. Upande wa furaha ya kuchora, ningeipa ya kwanza.

Nafasi ya nne: manila

Manila ni ngumu, laini, na haipitishi wino wa makapeni upande wa pili. Shiti ya A1 inatoa vipande 8 vya A4. Inafaa kwa mchoro wa mwisho wa kuchora kwa wino, kadi za harusi, mabango ya duka. Kwa michoro ya kila siku ni nzito na inateleza chini ya penseli. Chagua nyeupe, na uitazame kwa ubavu kwenye mwanga, kwani shiti zilizosimamishwa dukani muda mrefu huwa zimepinda.

Nafasi ya tano: karatasi ya rangi za maji, gramu 300

Ni nzuri sana, na nimeishusha hadi hapa kwa sababu ya bei na kwa sababu haipatikani kila duka. Inunue kwa oda iliyokwishalipiwa kianzio, na bei yake uiingize kwenye gharama za kazi. Kwa mazoezi itakubana mkono: kila ukiishika unafikiria ilivyo ghali, na mchoro unatoka na woga.

Nafasi ya sita: kaunta buku

Wengi huanzia hapa kwa sababu kila duka la mtaa linalo na jalada lake ni gumu. Tatizo ni mistari. Ile ya buluu inaonekana kwenye kila picha, na ukijaribu kuifuta kwa programu ya simu inaondoka na mistari yako myembamba ya penseli. Karatasi yake pia ni nyepesi. Kama ndilo ulilonalo leo, chora humo leo, usisubiri. Lakini usilinunue kwa ajili ya kuchora.

Tableti nimeiacha nje ya orodha makusudi. Ni kifaa cha kumalizia kazi za wateja, inahitaji umeme, na juani kioo chake hakionekani vizuri. Iandikiwe mwongozo wake.

Mambo ya kuzingatia siku ya kwenda dukani

Arusha, anza na maduka ya karibu na Soko Kuu. Moshi, mitaa ya katikati ya mji inayozunguka soko. Maduka yanayouzia shule kwa jumla ndiyo yenye gramu 100 na 120, hata kama hayajaziweka mbele, kwa hiyo uliza. Epuka Januari shule zinapofunguliwa, maana foleni ni ndefu na hakuna atakayekuwa na muda wa kukukatia rimu. Nenda asubuhi, salimia, eleza unachofanya, onyesha daftari lako la sasa. Muuzaji akishajua kwamba wewe ni mchoraji atakuwekea mabaki ya kukatia, vipande virefu vya karatasi nzuri ambavyo vingeenda kutupwa, navyo ni bora kwa kujaribia rangi.

Beba faili gumu la kuwekea karatasi ulizonunua, hasa Machi hadi Mei. Ukifika nyumbani rimu ilaze, usiisimamishe, mbali na sakafu ya saruji inayopandisha unyevu. Na ukilikuta kaunta buku zuri, lichukue kwa kazi nyingine: andika humo kila oda, jina la mteja, ukubwa wa mchoro, tarehe ya kukabidhi, kianzio alichotoa na kiasi kilichobaki, na muombe asaini pembeni.