Takwa na Matondoni kwa Chombo: Tathmini ya Ziara ya Kuongozwa Lamu

Kwa msafiri anayependelea miji ya kale na vijiji vilivyotulia kuliko ufuo, ziara ya chombo kutoka gati la Lamu hadi magofu ya Takwa, kisiwani Manda, inastahili bei yake, mradi aafikiane na nahodha kabla ya kupanda. Mkondo unaopita katikati ya mikoko hupitika maji yakijaa tu, kwa hiyo saa ya safari huamuliwa na bahari, wala si na mgeni. Nahodha wetu alilijua hilo vyema. Mwongozaji, kwa bahati mbaya, alichelewa, na baadhi ya nyumba tukazipita mbio maji yasije yakatupwelea.

Msikitini, hata hivyo, alijikomboa. Alituonyesha nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, kisha akatufikisha kwenye kaburi la nguzo, yaani lililojengewa nguzo ya mawe, ambalo watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, wanaoihesabu Takwa kuwa asili yao, wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Maelezo yake hayakuwa na chumvi, jambo ambalo ni nadra kwa kazi hii.

Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, tulimkuta fundi akishindilia pamba iliyolowa mafuta kati ya mbao, nyundo ikigonga taratibu, naye akijibu maswali bila kuinua macho. Chakula cha mchana, samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, kilikuwa kizuri ingawa kidogo. Maji ya kunywa ni vyema mtu ajibebee mwenyewe.