Madigadi ya kubana au ya chuma? Masika hii nimetumia zote

Mi nakaa Moshono kazi mjini Arusha, kila siku ni baiskeli, na mvua za Aprili huku wanaojua wanajua, unafika ofisini una mstari wa tope kuanzia makalioni mpaka kisogoni mlinzi anakuangalia tu. Baiskeli yangu ni mauntenbaiki ya mtumba ya ringi 26, na hizi nyingi zinakujaga hazina madigadi kabisa.

Nikaanza na zile za plastiki za kubana, elfu 15 pea. Kufunga dakika tano, spana huhitaji. Mgongo zinaukinga kweli siwezi kusema uongo, ila miguu aisee! Ile ya mbele inakaa juu mno, maji yote ya tairi la mbele yanaishia kwenye viatu na kwenye cheni, jioni cheni inalia mchanga kama unasaga karanga. Halafu ya nyuma ukiruka tuta inageuka upande, inakinga hewa huku wewe unalowa.

Wiki tatu zikanitosha. Nikamfuata fundi nikamwambia nitafutie kama zile za baiskeli za Phoenix za wazee, chuma, ndefu, zinazofunika tairi mpaka chini na vyuma vyake vinashika karibu na ekseli. Elfu 25 pamoja na ufundi. Hapo ndo nikaelewa wazee wetu hawakuwa wajinga. Ya mbele nikaiongezea kipande cha tairi chakavu kwa chini, kinaning'inia kama shubiri moja kutoka ardhini, na hicho kipande cha bure ndo kimeokoa viatu kuliko chochote nilichonunua.

Ubaya upo. Zinapiga kelele, mpaka nilipokata tyubu kuukuu nikaweka vipande kwenye nati ndo zikanyamaza. Na fundi alizibana karibu kabisa na tairi eti ndo zinapendeza, sa nikaingia kwenye ule udongo wa kunata, tope likajaa ndani gurudumu likagoma kuzunguka, nikabeba baiskeli begani kama mbuzi, watoto wa shule wanacheka. Mwambie fundi aache nafasi ya vidole viwili, na kama tairi zako ni nene sana pima kwanza kabla hujatoa hela, mi ilibidi nishuke kutoka tairi la upana wa inchi 1.95 hadi 1.75.

Zile za plastiki bado ninazo, anayezitaka elfu 5 aje achukue.