Tarifu 4 ya LUKU: bei safi, ila uwe na mita yako

Tangu nihamie Mbagala, chumba na sebule chenye mita yake, natumia umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kwenye tarifu 4, yaani daraja la bei nafuu la watumiaji wadogo, na kwa bei sina neno. Uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Jirani yangu wa tarifu 1, daraja la kawaida, anauziwa 292. Piga hesabu ya uniti 75: mimi 7,500, yeye 21,900. Na kinachoangaliwa ni matumizi yako, si barua ya mjumbe kwamba huna uwezo.

Hizo 75 kwa mwezi ndiyo mwisho. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni 350, ghali kuliko hata ya jirani, na ukizoea kuvuka unahamishwa. Kwangu zinatosha: friji dogo la barafu za ubuyu, TV, taa, feni usiku. Presha kuka ya umeme imenishangaza, maharage yanaiva na kwenye rimoti ya mita haijaondoka hata uniti moja. Adui ni jiko la koili.

Kinachonikera ni kwamba unafuu unahesabiwa kwa mita, si kwa kaya. Kabla ya hapa nilipanga Manzese, vyumba sita, mita moja. Muuza mihogo, fundi cherehani, kijana wa bodaboda: kama si hawa wa kusaidiwa, ni nani? Lakini jumlisha feni za vyumba vyote na friji la mama wa juisi, uniti 75 zinakata mwezi haujafika katikati. Basi wote tarifu 1. Daftari la mchango lilining'inizwa kwa kamba nyuma ya mlango wa uani: kila chumba 5,000, mwenye friji 10,000, na mwenye pasi akiichomeka tu, milango inafunguliwa kuchungulia. Wakati huohuo bachela mwenye nyumba yake, anayeshinda kazini na kula hotelini, yupo tarifu 4 kwa raha zake.

Halafu kuna kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, inakatwa humohumo kwenye LUKU. Jengo la baba mwenye nyumba, mnunuzi wa umeme mimi! Kwa mtu wa umeme wa 7,500 hiyo si hela ya kudharau. Wa kwangu ni muungwana, ananipunguzia kwenye kodi ya chumba. Wapangaji wengi hata kulitaja hawathubutu.

Kwa hiyo wewe unayezunguka na dalali, kabla hujauliza habari za maji, uliza mita ni ya chumba hicho peke yake au ya wote. Kisha omba kuona meseji ya mwisho ya kununua umeme. Toa kodi ya jengo, kinachobaki gawa kwa uniti. Ikija mia na ushee, ni tarifu 4. Ikija mia tatu na kitu, anza kubishania bei ya chumba hapohapo, dalali hajashika hela yako.