Msimu mzima kwenye kituo cha soka kinachopanga watoto kwa ukomavu wa mwili badala ya umri

Naandika kama mzazi wa mmoja na mjomba wa mwingine. Mwanangu na mtoto wa dada yangu wamepishana miezi miwili tu kuzaliwa. Tulipowaandikisha wote walikuwa na miaka 13 na walikuwa wakichezea timu moja. Mwanangu alikuwa na sentimita 148. Mpwa wangu alikuwa na 165, sauti imeshaanza kuwa nzito, mabega yametanuka. Kwenye mechi za umri wao, mmoja alikuwa akipigwa kumbo kila alipogusa mpira, na mwenzake alikuwa akisukuma mpira mbele na kuukimbilia, basi, goli. Wa kwanza aliitwa dhaifu, wa pili akaitwa nyota. Mimi nilienda pale kwa ajili ya yule mdogo.

Kituo sikitaji jina, kwa kuwa nina lawama moja nzito dhidi yake na sitaki ifunike mema yake.

Siku ya kwanza mpira haukuguswa kabisa. Mtoto anavua viatu, anasimama visigino vikigusa ukuta, anapimwa urefu mara mbili, anapanda mizani, kisha anakalishwa kwenye kisanduku apimwe urefu akiwa amekaa. Baada ya hapo wanapimwa wazazi. Kwenye fomu nilikuwa nimejaza 175. Dada anayepima akaniomba nivue viatu nami, ikatoka 172. Alinieleza kwa upole kwamba wazazi wengi hujiongezea urefu bila kukusudia, na kosa hilo huingia moja kwa moja kwenye hesabu ya mtoto. Ndiyo maana wao hawaamini fomu. Pale pale nikajua nipo na watu wanaoijua kazi yao.

Wanatumia njia ya Khamis-Roche, iliyochapishwa mwaka 1994. Inachukua umri wa mtoto, urefu wake, uzito wake na wastani wa urefu wa wazazi wawili, inakadiria atafikia urefu gani akishakuwa mtu mzima, kisha unatazama leo amefika asilimia ngapi ya urefu huo. Haihitaji picha ya mifupa wala sindano. Mwanangu alikadiriwa kufika 173, kwa hiyo alikuwa kwenye asilimia 85 na nusu. Makundi ni 85 hadi 90, kisha 90 hadi 95. Mwanangu akaangukia mwanzoni kabisa mwa kundi la chini, pamoja na watoto wa miaka 11 na 12. Uso ulimbadilika. Nilimwelewa, nani anataka kurudishwa nyuma?

Lakini mechi ya kwanza ilinionyesha mtoto nisiyemjua. Alipokea mpira akiwa ameupa mgongo upande wa goli, akageuka, na hakuna aliyemwangusha. Kugeuka huko alikuwa akikujua siku zote, ila hakuwahi kupata sekunde ya kukufanya. Kipindi cha pili alianza kuwapanga wenzake, "wewe kaa hapa, wewe rudi", mtoto ambaye kwenye timu ya umri wake hafungui mdomo. Uingereza waliwahi kufanya mashindano ya majaribio ya namna hii kwa vijana wa akademi wa miaka 11 hadi 14, wakawauliza wachezaji wenyewe, na waliochelewa kukua walisema jambo hilohilo: nafasi zaidi ya kuonyesha ufundi, na nafasi ya kuongoza.

Sasa nije kwa mpwa wangu, maana ndiye aliyenibadilisha mawazo. Aliwekwa na wavulana wa miaka 14 na 15. Mechi ya kwanza hakumpita mtu hata mmoja. Alisukuma mpira mbele kama kawaida yake, beki akafika kabla yake. Akajaribu bega, bega likakutana na bega. Tukiwa njiani kurudi alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mjomba, leo sikuwa na kitu."

"Ulikuwa nacho nini siku nyingine?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Mbio."

Sikuwa na la kuongeza. Mechi ya tatu alianza kutazama nyuma ya bega lake kabla mpira haujamfikia. Ya tano nilimwona akipiga pasi ya mguso mmoja na kukimbia kwenye nafasi, jambo ambalo timu ya umri wake haikuwahi kumlazimisha kulifanya. Huyu ndiye aliyekuwa hatarini kweli, na mimi nilikuwa simwoni. Mwili wake ulikuwa ukimficha. Wenzake wangemfikia wakiwa na miaka 16 au 17, na angejikuta hana silaha nyingine. Mnaopeleka mtoto mkubwa na kuona haya mambo ni ya wadogo, nawasihi mfikirie tena.

Jambo lingine ambalo sikulitarajia ni ulinzi wa miguu. Wavulana wengi hufika kilele cha kukua wakiwa na miaka 14 hivi, wasichana karibu 12, na katika kipindi hicho mvulana anaweza kurefuka sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Mifupa hutangulia, misuli na kano hufuata kwa kuvutwa, ndiyo hayo maumivu ya chini ya goti na ya kisigino. Mpwa wangu alilalamikia goti. Kocha alifungua daftari la vipimo, akaona urefu umeruka, akampunguzia kuruka na kupiga mashuti kwa wiki kadhaa bila kumtoa mazoezini. Kwingine angeambiwa ajikaze.

Lawama yangu ni hii. Njia hiyo inahitaji urefu wa baba na mama. Baba yake mpwa wangu alishafariki. Dada yangu aliulizwa urefu wa marehemu mezani, mbele ya foleni ya wazazi, mtoto akiwa amesimama kando yake, na aliposita akaulizwa tena. Jambo hili lilituumiza, na halikuwa na ulazima wowote, kwa sababu mbadala walikuwa nao. Vipimo vya urefu wa kukaa, urefu wa miguu, uzito na umri vinatosha kukadiria mtoto yuko miaka mingapi kabla au baada ya kilele cha kukua, bila kumuuliza mtu habari za wazazi. Mwishowe ndivyo walivyompima. Watoto wasio na baba, au wanaolelewa na bibi, ni wengi. Fomu iulize kwanza, kwa siri, kama vipimo vya wazazi vinapatikana. Niliwaambia, wakaomba radhi, lakini msimu uliofuata nilikuta meza ipo palepale.

Pia asilimia zilibandikwa ubaoni. Watoto walianza kuitana kwa namba. Ubao uliondolewa baada ya wiki mbili, ila kuna mtoto mmoja ambaye jina la "themanini na sita" bado halijamtoka.

Namba zenyewe zisichukuliwe kama hukumu. Kwa wavulana makadirio hukosea kwa kawaida kama sentimita 2, na wapo wanaopishana nayo kwa zaidi ya 5. Mtoto aliye kwenye 89.8 na aliye kwenye 90.2 hawana tofauti yoyote ya maana. Hapa nawasifu makocha: aliye mpakani walimchezesha huku na huku.

Nimeulizwa na wazazi wenzangu kama hii ni njia ya kukamata waliodanganya umri. Hapana. Umri wa karatasini unabaki uleule, kinachoangaliwa ni mwili umefika wapi. Wala haitibu ile shida ya waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka kuchaguliwa kuliko wa mwishoni. Hiyo ni habari nyingine.

Kilichonifanya nibaki ni kwamba hawakuyafuta makundi ya umri. Mechi hizi za ukomavu huja kila baada ya wiki tatu, siku nyingine mwanangu anarudi kupigwa kumbo na wa rika lake. Nayo anaihitaji. Antoine Griezmann, mwanasoka Mfaransa, alikataliwa na akademi za Ufaransa kwa sababu ya umbo lake dogo, akaenda kukulia klabu ya Real Sociedad huko Hispania, na hakuwa akicheza na watoto wa chini yake tu.

Tumewaandikisha tena wote wawili. Kipimo cha mwisho mwanangu alikuwa na 152. Dada yangu safari hii amenipa barua ya kupeleka, inayosema mtoto wake apimwe kwa urefu wa kukaa na asiulizwe lingine lolote.