Antivairasi ya kulipia kwa saiba yangu: flash inazimudu, programu halali inazila

Niko na saiba ndogo upande wa River Road, na watu huingia siku nzima na flash zimejaa madudu, so antivairasi nililipia, sikutaka ile ya bure. Jina sitataja. Kwa flash haina mchezo, zile shotikati bandia ambazo flash hubeba kutoka saiba zingine inazidaka kabla sijafungua kitu. Hapo siilaumu.

Sasa programu halali. Kuna kijana jirani alinitengenezea kaprogramu ka kuhesabu dakika za wateja na karatasi zinazochapishwa, akakaandika kwa lugha ya Python akakafunga na PyInstaller, kifaa cha kugeuza kodi ya Python kawe exe moja, yaani faili inayojifungua yenyewe kama programu. Kuweka tu, kameenda! Haikuuliza kitu, ni kadirisha kadogo kwa kona kanasema tishio limeondolewa, alafu shotikati inabaki haina pa kuelekea. Ukiangalia jina la hilo tishio ni lile la jumla tu, yaani haijapata virusi inayoijua, imekisia kwa kuangalia umbo la faili. Na shida ni kwamba waandishi wa virusi pia hutumia PyInstaller, kwa hivyo ganda ni lile lile, na kama faili haina sahihi ya dijitali, yaani muhuri wa kuonyesha nani aliitengeneza, na haijaonekana kwa kompyuta nyingi, basi inashikwa tu. Hiyo sahihi nayo ni ya kulipia, kijana wa mtaa atatoa wapi? Kuna kaprogramu kengine, ProduKey ya NirSoft, nako kaliliwa, lakini hiyo naelewa, inasoma funguo za Windows na mwizi pia anaweza kuitumia.

Siku hizi ikipiga kelele nacheki kwanza. Kama nilidaunlodi kwa tovuti ya wenyewe na wameandika hash, yaani ile alama ya herufi na namba inayobadilika faili ikiguswa kidogo tu, nafungua ile skrini nyeusi napiga certutil -hashfile, jina la faili, alafu SHA256, nalinganisha. Alafu naipeleka VirusTotal, tovuti ya Google ya kupima faili, inapimwa na injini za antivairasi zaidi ya 70. Zikishtuka mbili tatu na zote zinakisia, naitoa karantini, pale antivairasi hufungia faili inazoshuku, naruhusu hiyo faili peke yake, siyo folda nzima ya Downloads jameni. Zikishtuka nusu, nafuta. Na usipeleke hati ya mteja huko, faili zinazopakiwa hufikia watu wengine.

Makosa haya hata wakubwa hufanya, Aprili 2010 apdeti ya McAfee iliona svchost.exe, faili ya lazima ya Windows XP yenyewe, ni virusi, kompyuta za watu zikawa zinazima na kuwaka zenyewe. Kinachoniudhi ni wale wanaouza Office ya kukraki, wanaambia mteja "zima antivairasi kwanza, hiyo ni kelele tu", na mteja anazima mara moja kwa sababu ameshaona ikipiga kelele ya bure mara nyingi. Hapo ndio virusi ya ukweli inaingilia.

Sapoti niliwatumia faili ya kijana, wakaiondoa kwa orodha ya vitisho bila maneno mengi. Kijana akarekebisha kitu kidogo tu, hash ikabadilika, ikaliwa tena.

Nyota 3 kwa 5. Setingi ya kuuliza kabla ya kufuta iko, ila wameificha ndani kabisa, na apdeti kubwa ikija inajirudisha vile ilikuwa. Warekebishe hiyo niongeze ya nne.