Metallica Amsterdam, siku mbili: uzoefu wangu

Nianze na jibu la swali ambalo nimeulizwa na kila mtu tangu nirudi: ndiyo, ningeenda tena kuwaona Metallica, na ningeenda siku zote mbili. Mtu akinipa leo tiketi ya usiku mmoja karibu kabisa na jukwaa, na mwingine akanipa mbili za viti vya juu karibu na paa, moja kwa kila usiku, nachukua zile za juu. Nitaeleza kwa nini.

Metallica, bendi ya Marekani ya muziki wa metal, walitangaza ziara ya M72 mwishoni mwa Novemba 2022. Utaratibu wake ulikuwa kwamba bendi inapiga siku mbili katika mji mmoja, na wimbo uliopigwa siku ya kwanza haurudiwi siku ya pili. Ziara ilifunguliwa Amsterdam, Alhamisi tarehe 27 na Jumamosi tarehe 29 Aprili 2023, katika Johan Cruijff Arena, uwanja wa nyumbani wa Ajax. Albamu yao mpya ya 72 Seasons ilikuwa na wiki mbili tu tangu itoke. Niliichagua Amsterdam kwa makusudi, kwa sababu siku ya ufunguzi hakuna anayejua kitapigwa nini. Kuanzia mji wa pili, orodha ya nyimbo iko mtandaoni na unaingia uwanjani ukiwa umeshajua kila kitu. Mimi nilitaka kushtuka.

Na nilikuwa na jambo langu. Napiga gitaa la besi, na sababu ya kulishika ni Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica aliyefariki katika ajali ya basi la bendi nchini Sweden tarehe 27 Septemba 1986, akiwa na miaka 24. Sikuwahi kupata nafasi ya kumsikia mwenyewe. Nilichoweza kufanya ni kwenda kusikia nyimbo alizoziacha, zikipigwa kwa sauti ambayo spika za nyumbani haziwezi kutoa.

Tiketi ndizo zilizonitesa kuliko kitu chochote katika safari hii. Desemba zilianza kuuzwa zile za siku mbili kwa pamoja, nami nikasitasita kwa sababu viza ilikuwa bado. Nilipoamua, nafasi za kusimama chini zilikuwa zimekwisha. Hapo nikafanya kosa: nikanunua kwa mlanguzi kupitia tovuti ya kuuziana tiketi, kwa bei ambayo hadi leo sipendi kuitaja. Wiki zikapita, tiketi haijaja. Kila nikiandika najibiwa kwamba itatumwa karibu na siku ya tamasha. Mtu anayekwenda kuomba viza hawezi kusubiri "karibu na siku ya tamasha". Nilidai fedha zangu, nikabishana nao karibu mwezi mzima, zikarudi. Tarehe 20 Januari zilipoanza kuuzwa tiketi za siku mojamoja, nilikuwa nimeshakaa mbele ya kompyuta na kadi mkononi. Nikapata kiti cha juu kwa Alhamisi na nafasi ya kusimama chini kwa Jumamosi, zote kwa bei halali. Kumbe uvumilivu wa wiki chache ungeniokoa na yote yale.

Kwa wanaohitaji viza ya Schengen, ile ya kuingia Uholanzi na nchi nyingi za Ulaya: ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kuliko siku 15 kabla yake. Wanaweza kuchukua siku 15 kukujibu, na wakitaka kuchunguza zaidi hufika hadi 45. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000. Nilichapisha tiketi zote mbili nikaziweka juu kabisa ya faili. Dada aliyepokea fomu zangu aliuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia nakwenda kusikiliza bendi. Akaangalia tarehe, akauliza, "Zote mbili bendi hiyohiyo?" Nikasema ndiyo, nyimbo ni tofauti. Hakuuliza tena. Nawashauri msitunge sababu nyingine inayosikika ya heshima zaidi. Tiketi ya tamasha yenye tarehe ni ushahidi mzuri kuliko barua yoyote ya maelezo.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua wakati nakata ndege. Tarehe 27 Aprili ni Koningsdag, sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme Willem-Alexander, siku ambayo Uholanzi nzima inavaa rangi ya chungwa na kutoka barabarani. Hoteli niliyokuwa nimeweka Amsterdam iliniandikia wiki tatu kabla kwamba nafasi yangu imefutwa. Kutafuta nyingine mjini wakati huo ilikuwa kazi bure. Nikahamia mji wa jirani wa Utrecht, na katika balaa lile ndipo nilipopata bahati: treni za moja kwa moja kutoka Utrecht Centraal husimama kituo cha Amsterdam Bijlmer ArenA, kama dakika ishirini hivi, na ukishuka uwanja uko mbele yako. Walioshukia katikati ya Amsterdam siku ile walilazimika kukata umati wa sikukuu kwanza. Sikuhitaji hata kununua tiketi ya treni. Tangu mwishoni mwa Januari mwaka ule unagusisha kadi ya benki getini unapoingia na unapotoka. Usisahau kugusisha unapotoka, la sivyo unakatwa zaidi.

Utrecht yenyewe husherehekea tangu jioni ya tarehe 26. Nilifika na sanduku langu nikakuta watu wametandaza vitu vya zamani kando ya mifereji wanauza, na watoto wanapiga fidla wakiwa na kopo la sarafu mbele yao. Nilikaa dakika chache kwa binti mmoja mdogo aliyekuwa akirudia kipande kilekile, akikosea palepale, na kila akikosea anaanza upya bila kununa. Nilimpa sarafu zote nilizokuwa nazo.

Treni ya Alhamisi mchana nitaikumbuka. Nusu ya behewa chungwa, nusu nyeusi. Wale wa sikukuu wamejipaka bendera mashavuni, sisi tumevaa fulana zenye mafuvu, na wote tumebanana. Mzee mmoja wa Kiholanzi mwenye mvi, fulana imepauka hadi maandishi hayasomeki, aliniambia aliwaona Metallica katika mji wa Zwolle, hukohuko Uholanzi, mwaka 1984. Nikamuuliza, basi ulimwona Cliff? Akaitikia kwa kichwa, halafu akanyoosha mkono mbele yangu, akaanza kuchezesha vidole viwili hewani kuonyesha jinsi alivyokuwa anapiga. Hakusema neno. Vidole tu, mpaka tukafika Bijlmer.

Jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja, la mviringo kama pete, na ndani ya pete wamesimama mashabiki. Sehemu hiyo huitwa Snake Pit. Kuzunguka kuna minara minane yenye skrini na spika. Dramu za Lars Ulrich hazikai mahali pamoja: seti inazama chini ya jukwaa, nyingine inaibuka upande wa pili, na katika usiku mmoja kila upande unampata kwa zamu. Hilo lina maana kwa mnunuzi wa tiketi. Hakuna "mbele" wala "nyuma". Kuna nyimbo ambazo mwimbaji James Hetfield yuko mita chache kutoka kwako, na kuna nyimbo unazotazama mgongo wake. Mimi sikuisoma ramani vizuri wakati wa kununua, nikapata kiti ambacho mnara mmoja ulisimama katikati ya macho yangu na sehemu ya jukwaa. Ukinunua kwa onyesho la duara, tafuta kwanza minara iko wapi, ndipo uangalie umbali.

Taa zilizimwa, ikalia The Ecstasy of Gold ya Ennio Morricone, ambayo wamekuwa wakiingilia nayo tangu 1983. Watu wakaimba muziki usio na maneno, uwanja mzima. Halafu gitaa zikaingia taratibu, na kwa sekunde tatu au nne sikuelewa. Walikuwa wameanza na Orion.

Kwa msiomfahamu Cliff: Orion ni wimbo usio na kuimba, uko katika albamu ya Master of Puppets ya 1986, na ndiyo uliopigwa kwenye mazishi yake. Bendi hawakuwahi kuupiga mzima jukwaani hadi 2006. Kuufungulia ziara ni kitu ambacho sikukitarajia hata kidogo. Nimeufanyia mazoezi ule mwendo wa besi wa katikati miaka na miaka, najua kila kidole kinakwenda wapi. Lakini pale juu niliusikia ukipita kwenye chuma cha kiti. Nilikuwa nimeshika mkono wa kiti na ukawa unatetemeka kwa kila noti, halafu ule utetemeko ukapanda hadi kwenye meno. Kwenye skrini ya mnara, uleule niliokuwa naulaumu, walionyesha vidole vya Robert Trujillo, mpiga besi wa sasa, kwa karibu sana. Nikaona anachelewa kidogo kabla ya noti ya kushuka. Kidogo sana. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa naiwahi. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Usiku ule uliobaki siwezi kuusimulia wote. Nothing Else Matters ilipigwa, watu wakawasha taa za simu. Mipira mikubwa ya njano na nyeusi ikaachiwa kwenye umati wakati wa Seek & Destroy, na wakafunga na Master of Puppets. Kuhusu sauti niseme ukweli: kwa mtu aliyekaa juu, ndani ya kiwanja kikubwa cha mpira chenye paa, mwangwi hauepukiki, na nyimbo za kasi zilikuwa zinajikanyaga. Zile za polepole zilikuwa safi kabisa.

Ijumaa haikuwa na tamasha na nilishukuru. Uchovu wa ndege, machozi, kupiga kelele saa mbili, vyote viliniangukia kwa pamoja. Na hapo ndipo nilipoelewa thamani ya siku mbili. Aliyekuja kwa Alhamisi peke yake alikuwa anafungasha, naye ameusikiliza usiku wake mmoja akiwa na usingizi wa ndege na wasiwasi wa geti, kiti, choo, treni ya kurudi. Nusu ya akili yangu Alhamisi ilikuwa kwenye mambo hayo. Jumamosi niliingia kama mwenyeji. Najua mlango wangu, najua begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4, najua kila kitu kinalipwa kwa kadi. Kilichobaki ilikuwa kusikiliza tu.

Na Jumamosi walifungua na The Call of Ktulu, wimbo mwingine usio na kuimba, wa 1984, wenye besi ya Cliff. Siku ya pili niliielewa siku ya kwanza: kumbe milango yote miwili ya ziara hii walimpa yeye aifungue. Aliyepata usiku mmoja alipata nusu ya salamu hiyo. Nikiwa nimesimama chini, besi ilikuwa inaingia kupitia nyayo. Sakafu iliyofunika nyasi ilikuwa inacheza. Sauti chini ilikuwa bora mara nyingi kuliko juu, kila chombo mahali pake. Trujillo alipita mbele yetu mara mbili ameinama, besi karibu iguse magoti. Wakati wa wimbo wa One dramu zilikuwa upande wetu, na ule mpigo wa haraka wa miguu ulinifanya nishike kifua bila kujua. Enter Sandman ndiyo iliyofunga.

Simu niliitoa mara moja tu, siku ya Alhamisi, na picha yenyewe ni ya mnara.

Kama ningepanga upya, ningekaa Utrecht kwa hiari yangu tangu mwanzo, ningesubiri tiketi halali, na ningesimama chini siku zote mbili. Na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, nunua vizibo vizuri vya masikio, vile vinavyotengenezwa kwa wanamuziki, vinavyopunguza sauti bila kuiziba. Uholanzi wakati ule waandaaji wa matamasha walikuwa wamekubaliana kwamba wastani usizidi desibeli 103 katika kila dakika 15. Hiyo bado ni sauti kubwa sana kwa saa mbili, tena siku mbili. Nilivivaa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na besi sikuikosa hata kidogo, kwa sababu besi hupitia mifupani.

Jumapili niliamka Utrecht saa sita mchana. Barabara zimefagiliwa, masikio yangu hayana mlio wowote. Nilikaa kitandani nikachezesha vidole viwili juu ya shuka, ule mwendo wa katikati ya Orion, na nilipofika kwenye noti ya kushuka nikachelewa kidogo.